Lugha, Hisia au Mazingira? Milango Mitatu ya Kuingilia Ulimbwende wa Kiingereza

Mwanafunzi wa fasihi aliyeamua kuandika juu ya washairi wa Kiingereza wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 hukwama mapema, na karibu wote hukwama mahali pamoja. Msimamizi amemwambia, "Mada pana hii, ipunguze." Amerudi chumbani, amewapanga mezani Wordsworth, Coleridge, Clare, Byron na Keats, na haoni pa kukatia. Akiwauliza wenzake, mmoja anamwambia afuate lugha, wa pili anamwambia siku hizi watu wanaandika juu ya hisia, wa tatu anaapa kwamba pasipo mazingira hakuna tasnifu itakayosomwa. Wote wana hoja. Makala haya ni ya huyo aliyebaki katikati.

Jina kwanza. Vitabu vyetu vya nadharia hukiita kipindi hiki Ulimbwende, yaani *Romanticism* kwa Kiingereza. Mwambie jirani yako wa Dar es Salaam kwamba unatafiti ulimbwende, naye atakuuliza mashindano ya urembo ya mwaka huu yatafanyika ukumbi gani. Neno limeshakaa madarasani, nami nitalitumia, ila andaa sentensi mbili za kulieleza kabla hujalipeleka nyumbani.

Vigezo, na shairi la kupimia

Nitaipima milango yote kwa mambo matano. La kwanza ni matini: unaanza na nini mkononi, na je, unaweza kukipata ukiwa Morogoro, Eldoret au Bukavu? La pili ni swali: mlango unazalisha maswali ya namna gani? La tatu ni ujuzi, maana kuna mlango unaodai kamusi na kuna unaodai ramani. La nne ni mtego, yaani mahali watafiti wengi huteleza. La mwisho ni mtu anayefaidika nao.

Ili mizani iwe moja, nitapitisha kila mlango kwenye shairi lilelile: lile la Wordsworth la maua ya dafodili. Nimelichagua kwa sababu historia yake inajulikana karibu siku kwa siku. Tarehe 15 Aprili 1802, siku ya upepo mkali, William Wordsworth na dada yake Dorothy walikuwa wakitembea kando ya ziwa Ullswater, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wakayaona maua hayo ufukweni. Dorothy aliandika habari hiyo katika shajara yake. William alitunga shairi mwaka 1804, akalichapisha 1807 likiwa na beti tatu, kisha akalirekebisha na kuliongezea ubeti katika toleo la 1815. Lipo pia jambo la pili: hili ni shairi lililokaririshwa na watoto wa makoloni mengi ya Uingereza, ambao ua lenyewe hawakuwahi kulitia machoni. Wazee wengi wa kwetu bado wanalo kichwani, na hawajui lina harufu gani.

Mlango wa lugha

Swali la mlango huu lilianzishwa na washairi wenyewe, na hilo ni faida kubwa kwa mtafiti. Mwaka 1798 Wordsworth na Coleridge walichapisha huko Bristol kitabu cha mashairi, *Lyrical Ballads*, bila kutia majina yao. Toleo la pili lilikuja na dibaji ambamo Wordsworth alitaka ushairi utumie lugha inayosemwa kweli na watu, hasa watu wa mashambani, uachane na mapambo ambayo washairi wa karne yake walikuwa wakirithishana. Mwaka 1817 Coleridge, mwenzake wa kitabu kilekile, alimpinga hadharani. Lugha ya mkulima, alisema, ukiiondolea upekee wa kijimbo haitofautiani na ya mtu mwingine yeyote mwenye akili, na sehemu bora ya lugha ya binadamu hutoka katika akili inapojitazama yenyewe ikifanya kazi. Basi una mgogoro uliokwisha kuandaliwa, wenye pande mbili na tarehe zake. Tasnifu nyingi hutafuta kitu kama hicho mwaka mzima.

Halafu yuko mtu ambaye wote wawili walimjadili bila kumwalika barazani: mkulima mwenyewe. John Clare alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Helpston, Northamptonshire, akawa kibarua wa mashamba, na kitabu chake cha kwanza kilitoka 1820. Aliandika kwa maneno ya kwao. Gamba la konokono kwake ni *pooty*, kidimbwi cha maji ni *pudge*, na maji yanayoanza kuganda kwa baridi yana kitenzi chake. Mchapishaji wake wa London, John Taylor, alitia vituo, akasahihisha tahajia na kuambatisha faharasa ya maneno ya kijijini ili wasomaji wa mjini wasipotee. Clare hakupendezwa, katika barua moja alifananisha sarufi katika elimu na ukandamizaji katika serikali. Wahariri wa karne ya 20 nao wakagawanyika. Wako waliorudisha mashairi yake kama yalivyo kwenye miswada, bila vituo, na wako waliotia vituo vichache ili msomaji apumue. Ukichagua toleo la Clare, umekwisha kuchagua upande kabla hujaandika aya ya kwanza.

Msomaji wa Kiswahili anayo mizani ya nyumbani hapa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliishi wakati uleule wa Wordsworth na Clare. Mashairi yake ya Kimvita tunayoyasoma leo yametufikia kupitia mikono ya Mwalimu Sikujua na mmishonari W. E. Taylor, hata William Hichens akayachapisha diwani mwaka 1940. Huyu naye ni Taylor, na hana undugu na yule wa London. Na aliyefundishwa shuleni Kiswahili sanifu chenye msingi wa Kiunguja, kisha akakutana na Muyaka, anajua raha na tabu ya kusoma lahaja kupitia kalamu ya mhariri. Anaweza kumuuliza Clare maswali ambayo mwanafunzi wa London huenda asiyafikirie.

Sasa dafodili. Mfuate mtafiti wa lugha na utaona neno likisafiri. Dorothy aliandika katika shajara kwamba maua yalirushwarushwa, yakapepesuka, yakacheza ngoma. Mwaka 1807 kundi la maua katika shairi la William "linacheza", na mistari miwili baadaye yanacheza tena. Mwaka 1815 kule kucheza kwa kwanza kumefutwa na maua yamekuwa "ya dhahabu". Mahali pengine maua yaliyokuwa kundi "linalocheka" yakapewa sifa nyingine ya uchangamfu, neno lenye asili ya Kilatini, la kisomi zaidi. Mtu aliyetetea lugha ya watu wa kawaida anaondoa neno ambalo hata mtoto analijua na kuweka la kitabuni. Kwa nini? Hapo pana sura nzima, na hukuhitaji zaidi ya matoleo mawili ya shairi fupi.

Kwa upande wa ujuzi, mlango huu unataka Kiingereza kizuri, tena cha kihistoria. Kamusi ya Johnson ya 1755 na ile kubwa ya Oxford ziwe jirani zako, kwa sababu maneno yamehama maana. Kwa Wordsworth kuna toleo la Cornell, lililoanza kutoka 1975, linaloonyesha mabadiliko ya kila muswada. Mtego wake ni kuhesabu na kuishia hapo. Nimesoma kazi zilizoorodhesha vivumishi kurasa kumi na mbili, na mwishoni mwandishi anatangaza kwamba mshairi alitumia vivumishi vingi. Hesabu inafaa tu ukishajua unachokitilia shaka. Mtego wa pili ni kuiamini dibaji kama sheria ya mashairi, hali mashairi yenyewe huivunja kila baada ya kurasa chache.

Unamfaa mtu anayesimama kwenye neno moja hata wenziwe wakamwacha, na ambaye hachoki kulinganisha matoleo. Haumfai anayesoma kupitia tafsiri, na hili niliseme bila kuzunguka: tafsiri ikishaingia, ushahidi wako ni maneno ya mfasiri.

Mlango wa hisia

Watu huuona huu kuwa rahisi kuliko yote, maana kila mtu ana moyo. Kwa maoni yangu ndio unaodanganya zaidi, ingawa ukiuingia kwa adabu unalipa vizuri.

Swali lake si "mshairi alihisi nini?" Hilo halina jibu, na marehemu hawezi kuulizwa. Swali lenye nyama ni hili: watu wa wakati ule walidhani hisia ni kitu gani, hukaa wapi mwilini, huambukizwaje kutoka mtu hadi mtu, na maneno ya kuzitajia yalitoka wapi? Chukua neno la Kiingereza *emotion*. Zamani lilimaanisha mtikisiko, hata ghasia za watu mitaani. Waandishi wa karne ya 18 walizungumza zaidi juu ya mihemko mikali ya nafsi na juu ya wepesi wa kuguswa. Mwanahistoria Thomas Dixon, katika kitabu chake cha 2003, alionyesha jinsi neno lile moja lilivyokuja kuyameza mengine, na akampa nafasi kubwa Thomas Brown wa Edinburgh, ambaye mihadhara yake ilichapishwa 1820. Kwa hiyo unapoandika "hisia" kwa Kiswahili ukimsoma mshairi wa 1798, umeshatafsiri mara mbili.

Utajiri wetu unasaidia na unaponza. Tuna huzuni, majonzi, simanzi, jitimai na kihoro, na hakuna mzee wa pwani atakayekuambia ni kitu kimoja. Mtafiti anayefanya kazi kwa Kiswahili analazimika kuamua sonneti za Charlotte Smith, zilizotoka 1784 na kuwagusa sana vijana wa rika la Wordsworth, ni za simanzi au za jitimai. Mwenzake anayeandika kwa Kiingereza huandika neno moja na kuendelea. Kuamua huko ni utafiti tayari.

Mfano bora wa mlango huu kwangu ni ugonjwa wa kukumbuka nyumbani. Mwaka 1688 huko Basel, mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliunda neno *nostalgia* kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi na la maumivu, akalitumia kwa ugonjwa aliouona kwa Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Mwaka 1768 mwanafalsafa Rousseau aliandika katika kamusi yake ya muziki kwamba wimbo wa wachunga ng'ombe wa Uswisi ulipigwa marufuku mbele ya askari wa Kiswisi, kwa kuwa waliousikia walilia, walitoroka au walikufa. Mabaharia nao walikuwa na homa yao: mtu anachungulia bahari ya tropiki na kuona chini yake mabonde ya kijani ya kwao, hata akataka kujitosa. Wordsworth ameiweka homa hiyo katika shairi refu la toleo la pili la *Lyrical Ballads*, juu ya ndugu wawili, ambamo baharia anaona vilindini milima na wachungaji wa kondoo. Msomaji aliyekulia Lamu au Kilwa, anayejua wimbo wa bahari unavyoweza kumvuta mtu aliye bara, hatashindwa kuhisi uzito wa picha hiyo. Sasa linganisha: ugonjwa wa 1688, homa ya baharia, shairi la 1800, hadi tamu-chungu ya leo ambayo hakuna daktari anayeiandikia dawa. Hisia ina historia kama ilivyo na mwili.

Turudi kwenye dafodili. Katika shairi furaha huja mara mbili: mara ya kwanza ufukweni, na mara ya pili baadaye, mtu akiwa amejilaza kochini, maua yanapomrudia moyoni. Wengi hulifungua jambo hili kwa ufunguo wa dibaji ileile, kwamba ushairi hutoka katika hisia iliyokumbukwa katika utulivu, na hapo hukata nukuu. Wordsworth hakuishia hapo. Anasema hisia hukumbukwa mpaka ule utulivu unatoweka kidogo kidogo, na hisia nyingine, ndugu ya ile ya kwanza, huzaliwa akilini. Ukiikata nukuu unabaki na mzee mtulivu anayekumbuka ujana; ukiiacha nzima una mtu anayetikiswa upya. Na ni hisia ya nani? Jicho la kwanza lililoandika ni la Dorothy. Mistari miwili juu ya jicho la ndani na neema ya upweke ilitungwa na mkewe William, Mary. William mwenyewe alikiri. Shairi linaanza na mtu aliyetangatanga peke yake kama wingu, ilhali siku ile alikuwa na dada yake ubavuni.

Matini ya mlango huu yako tele: mashairi, barua, shajara, maandishi ya falsafa ya Hume na Adam Smith, maandishi ya madaktari. Mengi hayana tena hakimiliki na husomwa bure mtandaoni. Ujuzi unaotakiwa ni wa historia ya fikra zaidi ya mizani na vina. Mtego wake ni kuyageuza mashairi kuwa faili la hospitali, na Clare ndiye anayeumizwa zaidi. Aliingizwa kwenye makao ya wagonjwa wa akili mwaka 1837, akatoroka Julai 1841 na kutembea karibu maili 80 hadi kwao, na Desemba mwaka huohuo akapelekwa Northampton, alikokaa hadi kifo chake 1864. Mashairi aliyoyatunga humo husomwa kana kwamba ni dalili za ugonjwa, na ufundi wake unasahaulika.

Unamfaa anayependa kusoma nje ya fasihi na anayeweza kujizuia kujiweka katika kila ubeti. Anayesoma baadhi ya matini kwa tafsiri pia anaweza kupita hapa, ilimradi aseme wazi.

Mlango wa mazingira

Hapa ndipo neno linapokutega kabla hujaingia. Kile washairi hawa walichokiita kwa neno moja, *nature*, sisi tunakigawa. "Maumbile" linatokana na kuumba, na aliyeumba yumo ndani yake hata usipomtaja. "Mazingira" linatokana na kuzingira, basi katikati lazima awepo anayezingirwa. "Mandhari" ni ya macho, na "asili" ni ya chanzo. Wordsworth mara nyingi anataka yote manne kwa pamoja. Mtafiti anayetumia "mazingira" kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho amempa mshairi nadharia ambayo huenda hakuwa nayo.

Uwanja huu una mjadala wa kisomi unaoeleweka haraka. Mwaka 1986 mhakiki Marjorie Levinson alilisoma shairi la Wordsworth linalotaja magofu ya abasia (makao ya watawa) ya Tintern na kuuliza kwa nini linawapitia kando maskini waliojihifadhi magofuni na viwanda vya chuma vya bonde lile, likageukia nafsi. Mwaka 1991 mhakiki mwingine, Jonathan Bate, alijibu kwa upande mwingine: kusoma maumbile kama pazia la kufichia siasa ni kusahau kwamba milima na mito ni vitu vyenyewe, na kwamba kuvipenda kunaweza kuwa siasa. Kijana anayeanza leo anaweza kusimama kati ya hao wawili na kuwa na kazi ya kufanya.

Mfano unaopendwa ni wa volkano. Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia ya leo. Mwaka uliofuata Ulaya ilikosa kiangazi. Mvua na baridi viliharibu mavuno, na Uswisi watu waliona njaa. Byron alikuwa kando ya ziwa la Geneva, jirani zake wakiwa Percy Shelley na Mary, aliyeanza huko riwaya iliyotoka 1818, *Frankenstein*. Byron naye akaandika shairi la dunia iliyozimikiwa na jua. Inavutia, na hapohapo ndipo pa kuchunga. Hakuna hata mmoja wao aliyejua habari za Tambora kuhusiana na mvua dirishani pake. Na kiangazi hichohicho ulivuma uvumi kutoka Bologna kwamba jua lingezimika tarehe 18 Julai. Anayeandika "volkano ilizalisha shairi" amerukia ng'ambo bila daraja. Anayeuliza jinsi hali ya hewa, uvumi na hofu ya siasa baada ya vita vya Waterloo vilivyokutana katika beti hizo ana kazi ya miaka miwili.

Mfano mwingine, ambao mimi naupa uzito zaidi, hauna moshi wala radi. Sheria ya kuizungushia ua ardhi ya pamoja ya Helpston ilipita mwaka 1809, na kazi ya kugawa ikamalizika kufikia 1820. Njia alizopita Clare utotoni zilifungwa, malisho yakakatwa vipande, vibao vya kukataza watu vikasimikwa. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana maana ya ua kupita katikati ya malisho. Mashairi ya Clare juu ya jambo hilo yanataja kijito, mti na njia kwa majina yake, na ukiwa na ramani za ugawaji unaweza kuyafuata kwa kidole. Linganisha na Wordsworth, ambaye katika kitabu chake cha kuongoza wageni wa eneo la maziwa aliliita eneo lile aina ya mali ya taifa, ya kila mwenye jicho la kuona na moyo wa kufurahia, kisha mwaka 1844 akaipinga reli ya kuwaleta watu wengi kutoka mijini. Kila mwenye jicho, kumbe kuna macho na macho! Eneo hilo likaja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951.

Na dafodili? Mtafiti wa mazingira anaanza na shajara kabla ya shairi. Ua la Ullswater ni dafodili la mwituni, dogo na jepesi rangi kuliko la bustanini. Dorothy anaandika kwamba kwanza waliona machache karibu na maji, wakadhani labda ziwa ndilo lililozileta mbegu ufukweni na koloni dogo likaota. Walivyosonga mbele wakayaona mengi zaidi na zaidi. Hiyo ni dhana ya kiikolojia iliyosemwa na mtu anayetembea. Katika shairi imetoweka, na mahali pake, katika toleo la 1815, zimekuja nyota za anga. Unaweza kuuliza nini hupatikana na nini hupotea ua linapotoka ufukweni na kupanda mbinguni.

Ujuzi: ramani, kumbukumbu za hali ya hewa, kidogo cha botania, na uvumilivu wa kusoma historia ya kilimo. Kikwazo kikubwa kwa aliye Afrika Mashariki ni kwamba uwanja uko mbali, na viza ina bei. Wako wanaofanya bila kufika, kwa kutegemea shajara na ramani zilizowekwa mtandaoni, na kazi zao zinasimama. Mtego wa pili ni kumvika mshairi wa 1800 fulana ya mwanaharakati wa leo. Unamfaa aliyesoma jiografia, kilimo au sayansi kabla ya fasihi, na anayetaka kuzungumza na watu wa idara nyingine.

Kuta ni nyembamba

Desemba 1802 mkemia wa London, Luke Howard, alitoa mhadhara akiyapa mawingu majina ya Kilatini ambayo wataalamu wa hali ya hewa wanayatumia hadi leo. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alivutiwa hata akamtungia mashairi. Je, hilo ni jambo la lugha, kwa kuwa ni majina? La mazingira, kwa kuwa ni mawingu? Au la hisia, kwa kuwa kitu kisichoshikika kilipopata jina watu walianza kukitazama kwa moyo mwingine? Ukipata mfano wa namna hii, usiugawe kwa nguvu. Chagua mlango wa kuingilia, na milango mingine iache wazi.

Kwa hali yako

*Una muhula mmoja na intaneti ya kubahatisha.* Lugha, kwa matini finyu sana: shairi la 1807 na la 1815, pamoja na kurasa za dibaji. Pakua mara moja, kisha kazi yote ni ya penseli.

*Unaandika kwa Kiswahili, kwa wasomaji wa Kiswahili.* Hisia inakupa mengi, kwa sababu ugumu wa kutafsiri unageuka kuwa hoja. Mazingira pia yanawezekana, ukianza na yale maneno manne.

*Unataka kulinganisha na ushairi wetu.* Clare na Muyaka kwa mlango wa lugha wana mengi ya kusemezana juu ya lahaja na wahariri. Ukivutwa na magofu, iko Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, yenye majumba ya Pate ambamo ndege wanalea makinda katika madaka ya sahani za zamani. Lakini usiiite ya Kilimbwende. Gofu la Tintern linamrudisha mshairi kwenye nafsi yake na mto ulio karibu. Gofu la Pate linauonya moyo juu ya Akhera. Tofauti hiyo ndiyo tasnifu yako.

*Umetoka sayansi.* Mazingira, na anza na Helpston kabla ya Tambora. Ramani itakuzoeza nidhamu ambayo volkano haikupi.

*Wewe ni mwalimu wa sekondari na unatafuta namna ya kuifundisha mada hii.* Hisia kwanza, kwa habari ya baharia na homa yake, maana darasa litasikiliza. Lugha ije wiki ya pili.

*Unaelekea uzamivu.* Unganisha miwili, usiunganishe mitatu, na mmoja uwe mkuu. Tena ujue utaulizwa na jopo kwa nini washairi wa Kiingereza. Tangu Ngũgĩ, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka mwaka 1968 idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, swali hilo lina haki ya kuulizwa. Jibu la lugha ni jinsi usanifishaji unavyofanya kazi. La hisia ni kwamba hisia zina historia kila mahali. La mazingira ni ardhi na anayezungushia ua. Ukiona jibu la mlango wako halikutoki mdomoni kwa wepesi, badilisha mlango sasa, kabla ya pendekezo kupitishwa.

*Bado hujui.* Chapisha ukurasa wa shajara ya Dorothy wa tarehe 15 Aprili 1802, na pembeni shairi la 1807. Kaa nusu saa, penseli mkononi, ukipiga mstari chini ya chochote kinachokusimamisha. Usiku huo usifanye zaidi. Asubuhi hesabu mistari: mingapi iko chini ya maneno, mingapi chini ya furaha na upweke, mingapi chini ya upepo, maji na mbegu.